Magazeti ya kupumzisha kichwa, kutoka Kigoma mpaka Baraka



Katika buletini hii tumezoea kuandika juu ya mabati, mbegu, vyeti vya kuzaliwa na mashamba yenye mabishano. Mara hii tunaandika historia ya kitu ambacho hatujakiona katika ripoti yoyote ya kampi: magazeti ya kuchekesha, hadithi za picha, vitabu vya wapelelezi na vya mapenzi, yaani yale tuliyosoma si kwa mtihani wala kwa sala, ila kwa kupumzika tu. Tuko na sababu. Katika mkutano mkuu ujao memba wataamua kama sehemu ya mchango itanunua magazeti ya namna hiyo kwa kabati letu la Baraka, ao kama franga zote zitaenda kwa vitabu vya shule. Kabla ya kupiga kura, tukumbuke tulitoka wapi.

Tuanze hapa kwetu, kabla ya vita. Wazee wetu wa Fizi na Uvira walijua kusoma, wengi walipita kwenye shule za misheni. Lakini walisoma nini baada ya kutoka shamba? Katekisimu, Biblia, barua za ndugu. Magazeti ya Kongo yalitoka mbali na kwa lugha nyingine. La Voix du Congolais, lililoanza Léopoldville mwaka 1945, lilikuwa la Kifaransa na liliwalenga wale walioitwa évolués, halikuwa gazeti la mvuvi. Mwaka 1968 Kinshasa ikapata Jeunes pour Jeunes, na hilo kweli lilikuwa la raha: vitabu vya picha, vijana wa mtaani, Apolosa wa mchoraji Lepa Mabila Saye. Siasa ya authenticité ilipofika, likabadilishwa jina kuwa Kake. Lakini raha yake ilikuwa katika Kifaransa kilichochanganywa na Lingala ya vijana wa Kinshasa. Kuanzia 1990 Papa Mfumu'Eto naye akachora na kuuza vitabu vyake sokoni kulekule, kwa Lingala. Kati ya hayo matatu, hakuna hata moja lililoandikwa kwa lugha tunayoongea huku. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa letu, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, lakini kwa upande wa kusoma kwa furaha, sisi wa mashariki tulikuwa kama watoto wa mke ambaye bwana hapiti kwake.

Ngambo ya ziwa mambo yalikuwa tofauti, na ni historia ndefu. Serikali ya Waingereza ya Tanganyika ilianzisha Mambo Leo mwaka 1923. Lilikuwa gazeti la serikali, likifundisha kilimo na usafi, lakini watu walilipenda juu ya hadithi, barua za wasomaji na mashairi. Shaaban Robert mwenyewe alichapisha mashairi yake humo. Baada ya uhuru ladha ikabadilika. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, hadithi ya upelelezi iliyosomwa na watu ambao pengine hawangegusa kitabu kingine. Akaja Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba. Likaja Sani, gazeti la katuni, ambalo jina lake limeunganishwa kutoka kwa majina ya waanzilishi wake wawili, Saidi na Nicoye. Humo waliishi Madenge mtoto mtundu, Lodi Lofa, Kipepe, na Ndumilakuwili ambaye jina lake linaeleza tabia yote. Halafu, Tanzania iliporudisha vyama vingi mwaka 1992, watu binafsi wakafungua magazeti mingi. Ya bei ndogo yaligundua siri moja: weka hadithi ya mfululizo ukurasa wa ndani, katisha fasi tamu, andika chini "Itaendelea", na msomaji atarudi wiki ijayo hata kama hana chumvi nyumbani. Eric Shigongo alijulikana nchi nzima kwa njia hiyo.

Angalieni tarehe sasa. Sisi tulivuka ziwa mwisho wa 1996, na wengine wakatufuata baada ya vita ya pili kuanza 1998. Yaani tulifika Kigoma wakati ule ule magazeti ya Kiswahili ya kufurahisha yalikuwa yanachemka kuliko wakati wowote. Hakuna aliyelipanga hilo. Tulikimbia na watoto na masufuria, tukajikuta tumeangukia katikati ya wasomaji.

Kuyapata haikuwa rahisi. Nyarugusu iko Kasulu, na sheria ya wakimbizi ya 1998 ilifuatwa na kanuni ya kutotoka zaidi ya kilomita 4 bila kibali. Gazeti lilitoka Dar es Salaam kwa treni, reli ya kilomita karibu 1,250 iliyofika Kigoma tangu 1914, siku mbili ao zaidi njiani, halafu kwa gari mpaka soko la karibu na kampi. Lilipotufikia habari zake zilikuwa zimeshaoza. Hatukujali, juu hadithi haiozi. Mengine yalifika kama karatasi ya kufungia karanga na mandazi. Memba wetu wengi wanakumbuka kukunjua karatasi yenye mafuta na kukuta nusu ya mapenzi ya watu wasiojulikana: sehemu ya 6 iko, ya 7 imefunga mandazi ya mtu mwingine. Basi palitokea mafundi wa kumalizia. Mtu alisoma kwa sauti mbele ya nyumba ya matope, wamama wakisafisha mahindi ya rasio, na karatasi ilipokwisha yeye aliendelea kutoka kichwani. Kesho yake kijana mwingine alileta mwisho tofauti. Mabishano yalikuwa makali kuliko ya mpira.

Vitabu vilipita kwa kukodisha ao kuazimana, bila jalada, kurasa zimeshonwa kwa uzi wa gunia. Ben Mtobwa, aliyeandika Dar es Salaam Usiku na visa vya Joram Kiango, alikuwa mzaliwa wa Kigoma, na majirani zetu Waha walijivunia hilo kila tulipotaja jina lake. Lakini kitabu kilichotushangaza zaidi kilikuwa Kikosi cha Kisasi cha Musiba, sababu Willy Gamba anatumwa Kinshasa. Kinshasa ni mji mkuu wetu, na uko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Baraka. Wengi wetu hatujakanyaga kule mpaka leo. Hoteli zake na barabara zake tulitembezwa na Mtanzania, tukiwa tumekaa juu ya kibidoni cha maji katika nchi ya kigeni.

Na shule? Shule za Wakongomani kampini zilifuata programu ya Kongo, kwa Kifaransa, ili tukirudi watoto wasipoteze mwaka. Ilikuwa sawa kabisa. Lakini maana yake ni kwamba Kiswahili cha kuandikwa, hiki tunachotumia katika buletini hii, wengi hatukukipata kwa mwalimu. Tulikipata kwa Madenge na kwa wapelelezi. Wanaotuambia kwamba magazeti haya yanapoteza muda wa vijana wangejiuliza ni wapi makatibu wa vikundi vyetu vya akiba walijifunza kuandika ripoti inayosomeka.

Hatusemi kwamba yote yalikuwa mazuri. Magazeti ya udaku yaliuza picha za wasichana nusu uchi na uongo juu ya watu wenye majina, na wachungaji wetu walikuwa na haki kukasirika. Tuliyasoma hata hivyo, na wachungaji wengine pia, tuseme ukweli.

Wafadhili nao wako na historia yao hapa, tena ya kuheshimika. Miaka ya 1990 UNICEF ilitoa hadithi za picha za Sara, msichana anayepigania kubaki shuleni, na tumbili wake Zingo, kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Tanzania ikapata Femina mwaka 1999, halafu Si Mchezo! kwa vijana wa vijijini, zikizungumza juu ya SIDA na uzazi kupitia hadithi za picha na watu halisi. Waliozitengeneza walielewa kwamba mtu anasoma mpaka mwisho kile anachokipenda. Linganisheni na vipeperushi tunavyopewa tugawe leo: rangi tatu, nembo tano, maneno ambayo hata sisi wahamasishaji tunayasoma mara mbili. Jioni tunavikuta vimewasha moto.

Mwezi wa kumi 2005 boti za HCR zilianza kuturudisha kutoka Kigoma mpaka Baraka. Lugufu ilifungwa 2009, waliobaki wakahamishiwa Nyarugusu. Magodoro, baiskeli, nguo vilipanda boti. Magazeti hayakuwa kwenye orodha ya mtu, lakini yalivuka: yalifungia sahani na vikombe visivunjike. Sehemu kubwa ya yale yaliyo katika kabati letu ilikuja hivyo, na bado iko na alama ya duara ya sahani. Tuko na Sani zilizochanika, vitabu vya Mtobwa na Musiba, Si Mchezo! chache, na rundo la Munara wa Mulinzi la Mashahidi wa Yehova, ambalo hata wasio wa dini hiyo wanalifungua juu limeandikwa kwa Kiswahili cha Kongo, kama tunavyotamka.

Tangu tulipofika, ziwa limekuwa pana kwa upande huu. Mitumbwi ya injini inaleta sabuni, saruji na vitenge, lakini mfanyabiashara haleti gazeti, sababu hana hakika ya kuliuza. Vijana wanasoma hadithi kwa WhatsApp kama betri iko na moto na mega zipo. Wamama waliokuwa wasikilizaji wakubwa kule kampini, wengi hawana simu ya namna hiyo. Watoto wao wanafika darasa la tatu wakiwa hawajawahi kushika karatasi ya Kiswahili inayochekesha, ingawa sheria ya elimu ya 2014 inakubali lugha za taifa katika shule ya msingi.

Kwa hiyo sisi wa kamati ya buletini tutapiga kura ya ndiyo. Memba wanaosema vitabu vya shule kwanza si maadui wetu, na hoja yao iko na uzito: mtoto bila kitabu cha hesabu anafukuzwa na hesabu. Tunaomba sehemu ndogo tu ya mchango, na tunawaomba marafiki wa mbali wasishangae wakiona mstari wa katuni kwenye bajeti.

Wenye magazeti ya zamani nyumbani, leteni hata yasiyo na jalada. Wanaovuka kwenda Kigoma watununulie yale ya mfululizo, namba zinazofuatana. Mweka hazina atarudisha bei ya gazeti akiona risiti. Nauli ya boti hatarudisha.