Safu ya lugha: Tanzia

Hapa Nangara simu ikilia kabla hakujapambazuka, moyo hushtuka: huenda ni tanzia. Jina la marehemu, msiba uko wapi, mazishi lini. Darasani neno hilohilo ni jina la tamthilia ya huzuni, kinyume cha ramsa. Kuna wanaodhani maana hizo mbili zimekutana kwa bahati tu. Sikubali.

Chukua Romeo and Juliet ya Shakespeare. Utangulizi wake unatangaza mapema kwamba wapenzi hao watakufa. Mtazamaji amepewa tanzia mlangoni. Kisha Juliet anakunywa dawa ya kumlaza kama maiti. Barua ya kumweleza Romeo mpango huo haifiki Mantua aliko, kwa kuwa mtawa aliyetumwa amefungiwa ndani kwa hofu ya tauni. Kinachomfikia Romeo ni taarifa ya kifo, nayo si ya kweli. Anakunywa sumu kaburini, kando ya mkewe aliye hai. Kila nikifika hapo huumia upya: majaaliwa yametimia kwa barua moja tu kukwama njiani.

Asili ya neno ni Kiarabu, taaziya, yaani kumfariji mfiwa. Hilo nalo limo katika tamthilia hiyo: juu ya miili ya watoto wao, wazee wawili waliokuwa mahasimu wanapeana mikono.

Basi, ndugu msomaji, ukipokea tanzia usiku, wapigie kwanza wafiwa kabla hujaisambaza.