Ua la Almasi na Bustani ya Watoto wa Shinyanga



Mwaka 1947, Princess Elizabeth wa Uingereza alipoolewa, zawadi yake moja ilitoka Bara, Shinyanga: almasi ya rangi ya waridi kutoka mgodi wa Mwadui, aliyopewa na mwenye mgodi, John Williamson. Ilikuwa karati 54.5, ikachongwa ikabaki 23.6. Mwaka 1953 ikawekwa katikati ya pini ya kifuani yenye umbo la ua. Ua zuri mashallah, ila halinukii.

Huko lilikotoka, miti ilikuwa inakwisha. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyekesha misitu ili kuangamiza mbung'o. Pamba, mifugo na kuni vikamaliza sehemu kubwa ya iliyobaki. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Wakairudia ngitili, desturi ya Wasukuma: kipande cha malisho hufungwa wakati wa mvua, ng'ombe wasiingie mpaka kiangazi. Visiki vilivyodhaniwa vimekufa vikachipua. Ngitili za hekta 600 hivi zikakadiriwa kupita hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Miaka hiyohiyo Kanda ya Ziwa ikaingia msiba. Waganga waongo waliwaambia watu, wakiwemo wachimbaji wa dhahabu, kuwa viungo vya mwenye ualbino huleta utajiri. Watu wakauawa, hata watoto. Wengine wakakimbiziwa shule za bweni, ikiwemo Buhangija, mjini Shinyanga, iliyoanza kwa ajili ya wasioona na baadaye ikapokea na viziwi. Ukuta uliwakinga, lakini mtoto hakui kwa ukuta peke yake.

Watoto kama hawa wanahitaji bustani ya kunusa, kugusa na kusikiliza. Kwanza kivuli, mwarobaini au mwembe, maana wenye ualbino wengi hawaoni vizuri na jua linawaunguza. Kando ya njia pandeni mrehani, mchaichai na mnanaa, asiyeona ajue kwa harufu amefika wapi. Kiziwi apate maua ya rangi kali na majani ya kupapasa. Na kwa walio Geita na kwenye machimbo: msipande palipooshewa dhahabu. Zebaki hubaki kwenye udongo, na mkono wa mtoto hauchelewi kufika mdomoni.

Sisi visiwani tunajua harufu inavyokaa moyoni. Bibi harusi wetu hatoki bila asumini. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, atakachokula humo mtu, ndege au mnyama ni sadaka yake.

Basi bibi harusi, siku ukienda kwa sonara, kumbuka dhahabu ina kwao, na kwao kuna watoto. Tenga bei ya kipete kimoja kidogo, nunua miche, ipeleke kwenye shule ya watoto kama hawa, Bara au hapa kisiwani. Pete utaivaa wewe. Mti utakutolea sadaka hata ukiwa umelala.