Simba ya 2023/24: lawama za Manula, mjadala wa Chama na hesabu za usajili

Jumatatu ya tarehe 6 Novemba 2023 simu ya studio haikupumzika. Siku moja kabla, Yanga walikuwa wameifunga Simba mabao 5-1 kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, na kila aliyepiga kutoka Usevya, Kibaoni, Majimoto na Mamba alikuwa na mtu wake wa kumlaumu. Majina yaliyotajwa zaidi yalikuwa mawili: kipa Aishi Manula na kiungo Clatous Chama. Tulisoma jumbe zenu saa nzima, nyingine tukazicheka hewani, kisha tukaendelea na matangazo ya bei za mpunga. Hatukurudi kuitazama ile mechi kwa utulivu. Makala hii ndiyo kazi tuliyopaswa kuifanya wiki ile.

Mjadala wenyewe haujafa. Ukikaa kwenye kibanda umiza chochote siku Simba inapocheza, ikiruhusu bao tu utasikia mtu akirudi kwenye ile tano. Tunaieleza hapa tangu mwanzo, kwa sababu wengi tunaikumbuka kwa vipande.

Mechi yenyewe ilivyokwenda

Kennedy Musonda aliifungia Yanga dakika ya 3. Kibu Denis akasawazisha dakika ya 9. Timu zilikwenda mapumziko zikiwa 1-1, na matokeo yalibaki hivyo hadi saa nzima ya mchezo ikapita. Mabao mengine manne yaliingia katika dakika 25 hivi za mwisho: mawili ya Maxi Nzengeli, moja la Stephane Aziz Ki na penalti ya Pacome Zouzoua.

Ukimsikiliza anayesema Manula aliifungisha Simba, mkumbushe hilo la saa nzima. Timu iliyokuwa 1-1 hadi muda ule haikuanguka kwa sababu ya mtu mmoja langoni. Safu ya kiungo ilichoka, ikawa inarudi nyuma kwa kutembea, na Yanga wakawa wanawafikia mabeki wa Simba wakiwa na nafasi ya kuchagua pasi. Hata hivyo aliyeonekana akiokota mpira wavuni mara tano ni Manula, na picha hiyo ndiyo iliyobaki vichwani.

Suala la kipa lilianza miezi saba nyuma

Hapa ndipo wengi wetu tuliposahau. Manula aliumia Aprili 2023, akafanyiwa upasuaji, akakaa nje kwa miezi mingi. Nafasi yake ikachukuliwa na kijana Ally Salim, ambaye kabla ya hapo mashabiki wengi hata sura yake hawakuifahamu. Tarehe 16 Aprili 2023 Ally akakaa langoni Simba ikiifunga Yanga 2-0. Wiki hiyo hiyo na iliyofuata akasimama dhidi ya Wydad ya Morocco kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ambako Simba ilitolewa kwa penalti tu. Agosti mwaka huo, kwenye Ngao ya Jamii pale Mkwakwani, Tanga, akaokoa penalti tatu na Simba ikaichukua ngao mbele ya Yanga.

Wakati huohuo uongozi ulikuwa unatafuta kipa mwingine. Beno Kakolanya aliondoka kwenda Singida. Kipa Mbrazili aliyesajiliwa, Jefferson Luis, aliumia mapema na kuachwa kabla hata hatujamzoea jina. Ndipo akaletwa Ayoub Lakred kutoka Morocco, wakati maandalizi ya msimu yameshaanza.

Kwa hiyo kufika Novemba Simba ilikuwa na makipa watatu wenye hali tatu tofauti: kijana aliyepata imani ya mashabiki, mgeni ambaye bado hajakaa sawa, na mkongwe anayetoka majeruhi. Kocha Roberto Oliveira, yaani Robertinho, akamchagua mkongwe. Tunaelewa kwa nini alifanya hivyo. Dabi ya Kariakoo ni mechi ya presha, na Manula alishaicheza mara nyingi. Lakini kipa aliyekaa nje miezi hurudishwa taratibu, kwa mechi ndogo, macho na miguu vizoee kasi. Kumrudisha kwenye dabi ni sawa na kumtoa mgonjwa kitandani ukamkabidhi jembe la ng'ombe siku ya kwanza ya mvua. Kama kuna kosa hapo, ni la uamuzi, na uamuzi huo haukuwa wa Manula.

Baada ya siku ile Lakred akawa kipa wa kwanza. Na Manula? Januari 2024 alikuwa langoni mwa Taifa Stars kwenye AFCON kule Ivory Coast, na Stars ilipotoka 0-0 na DR Congo, jumbe za kumsifu zilitoka kwa watu wale wale. Tunazo, ila hatutataja namba za simu.

Chama: namba 10 anayependwa na kulaumiwa

Kwa msikilizaji asiyefuatilia sana, namba 10 ni yule kiungo anayecheza nyuma ya mshambuliaji. Mpira ukitoka kwa mabeki, yeye ndiye anayeamua uende wapi na kwa kasi gani. Timu ikimtegemea mtu huyo mmoja, akiwa na siku nzuri wote wanaonekana hodari. Akibanwa, wote wanaonekana hawajui mpira.

Chama, raia wa Zambia, alifika Simba mwaka 2018. Bao lake la Machi 2019 dhidi ya AS Vita ndilo lililoipeleka Simba robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, na hapo akawa mfalme. Agosti 2021 akauzwa RS Berkane ya Morocco, dirisha lile lile ambalo Luis Miquissone alikwenda Al Ahly. Msimu uliofuata Simba ikaupoteza ubingwa iliokuwa imeuchukua mara nne mfululizo. Chama akarudishwa Januari 2022. Machi 2023 akafunga mabao matatu siku Simba ilipoifunga Horoya 7-0.

Sasa tuutazame ubishi wenyewe. Kundi la kwanza linasema Chama hakabi: timu ikipoteza mpira yeye anatembea, na dhidi ya Yanga yenye viungo wanaokimbia dakika tisini, kumpanga ni kucheza watu kumi. Kundi la pili linasema bila yeye hakuna pasi ya mwisho, na timu isiyofunga haiwezi kuokolewa na mkimbiaji. Tumewasikia wote, na kwa maoni yetu wote wana haki nusu. Mchezaji wa aina ya Chama anahitaji watu wawili nyuma yake wenye mapafu, na mshambuliaji mbele yake anayejua kukimbilia nafasi. Timu ikiwa na hao, kutembea kwake hakuonekani. Kwa hiyo swali la "Chama apangwe au asipangwe" lilikuwa dogo. Swali kubwa lilikuwa: amezungukwa na nani?

Desemba 2023 klabu ilitangaza kumsimamisha Chama pamoja na Nassoro Kapama kwa utovu wa nidhamu. Baadaye alirejeshwa kikosini. Kutoka hapo, kila pasi yake iliyopotea iliitwa hujuma, na kila bao likaitwa majibu kwa viongozi.

Dirisha dogo lililobadilisha mbele

Kama tungechagua uamuzi mmoja wa msimu ule wa kuujadili hadi usiku, tusingechagua wa kipa wala wa namba 10. Tungechagua Januari 2024.

Msimu ule dirisha dogo la usajili Tanzania lilifunguliwa katikati ya Desemba na kufungwa katikati ya Januari. Katika dirisha hilo Simba iliwaachia washambuliaji wake wawili, Jean Baleke na Moses Phiri. Baleke alikuwa miongoni mwa wafungaji wakuu wa ligi wakati anaondoka. Wakaletwa Pa Omar Jobe wa Gambia na Freddy Michael wa Ivory Coast. Kumwachia mshambuliaji anayefunga katikati ya msimu, halafu kuwapa wageni wawili kazi ya kujifunza ligi huku mechi zikiendelea, ni kamari. Freddy alipata mabao, likiwemo lile la dabi ya Aprili 2024 ambayo Simba ilipoteza 2-1. Jobe hakuwika, na msimu ulipoisha akaachwa.

Ongeza na hili: kanuni iliruhusu klabu kusajili wachezaji 12 tu wa kigeni. Kila nafasi kati ya hizo 12 ni mali. Aubin Kramo, aliyetoka Asec Mimosas, aliandamwa na majeraha karibu msimu mzima. Luis Miquissone aliporejea hakuwa yule wa zamani. Nafasi mbili zimekaa bure hapo, na klabu haiwezi kuongeza ya 13.

Kwa nini makosa ya namna hii hujirudia? Angalia benchi. Zoran Maki aliondoka Septemba 2022, Juma Mgunda akashika timu. Januari 2023 akaja Robertinho. Alifutwa kazi siku mbili baada ya ile 5-1, ingawa hakuwa amepoteza mechi ya ligi msimu ule kabla ya hiyo. Akaja Abdelhak Benchikha wa Algeria, akaondoka mwishoni mwa Aprili 2024. Mgunda tena. Julai 2024 Fadlu Davids wa Afrika Kusini. Kila kocha ana macho yake: mmoja anataka mshambuliaji mrefu, mwingine anataka anayekimbia, na mchezaji aliyesajiliwa kwa ajili ya huyu anamkuta yule. Usajili wenyewe una mikono mingi, ya kocha, ya viongozi na ya wenye fedha, na lawama ikishuka huwa inapitia kwanza kwa mtu asiyekuwepo kwenye kikao: mchezaji.

Msimu ulivyoisha

Yanga walichukua ubingwa. Simba ilifungana pointi na Azam, 69 kwa 69, ikawekwa nafasi ya tatu kwa tofauti ya mabao. Hivyo Azam wakaenda Ligi ya Mabingwa na Simba ikaenda Kombe la Shirikisho. Katika Ligi ya Mabingwa yenyewe ilifika robo fainali na kutolewa na Al Ahly, 1-0 Dar es Salaam na 2-0 Cairo. Mtu aliyeikuta Simba kwenye redio msimu ule tu anaweza kushangaa tunaiitaje timu iliyofika robo fainali ya Afrika kuwa timu iliyosumbuka. Ni kwa sababu ya ligi, na kwa sababu ya ile tano.

Juni 2024 Mohammed Dewji alirejea kuwa mwenyekiti wa bodi. Likafuata fagio: John Bocco, Saido Ntibazonkiza, Henock Inonga, Miquissone na wengine wakaondoka. Tarehe 1 Julai 2024 Yanga wakamtangaza Chama. Siku ile hapa Usevya kuna jamaa aliyeipeleka jezi yake ya namba 17 kwa fundi cherehani akitaka jina livuliwe mgongoni, na fundi, ambaye ni Mwananchi, akamtoza mara mbili.

Nafasi ya namba 10 akapewa Jean Charles Ahoua kutoka Ivory Coast, na msimu wa 2024/25 akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16. Huko Yanga, Chama alikuta Aziz Ki, Pacome na Maxi wameshajaza nafasi, na mara nyingi alianzia benchi. Lakred aliumia kabla msimu haujaanza, akaletwa Moussa Camara kutoka Guinea. Simba ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Mei 2025 na kupoteza kwa Berkane. Kwenye ligi ikawa ya pili. Lakini Camara alipofungwa mara mbili na Coastal Union Oktoba 2024, mechi ikaisha 2-2, jumbe za "mrudisheni Manula" zilianza kuingia kabla ya mapumziko ya matangazo.

Tuliyoyaona kwenye ndondo

Kiangazi kile tulikwenda kutangaza ndondo moja hapa wilayani. Timu moja ya kijiji ilifungwa 4-0 nusu fainali. Kipa wake, kijana wa sekondari, alikuwa ameombwa kucheza asubuhi ile ile kwa sababu kipa wa siku zote alikuwa shambani. Filimbi ya mwisho ilipolia, watu wazima walimfuata wakimwita "Manula, Manula," na yeye akavua glavu za kuazima akaziweka kwenye mstari wa goli, akaondoka kwa miguu bila kusubiri gari la timu. Jina hilo alilipata kwetu. Sisi ndio tulikuwa tumelisema hewani kwa kicheko, tukalirudia siku kadhaa.

Mwalimu wake wa timu alituambia hajamwona mazoezini tangu siku hiyo. Tulimwomba atufikishie salamu, na tukamtumia glavu kupitia dereva wa basi la Mpanda. Alizipokea. Msimu unaofuata wa ndondo tutakuwa uwanjani, na orodha ya makipa tutaichukua mapema kutoka kwa kila timu, pamoja na jina la aliyemchagua.