Historia Iliyomo Kinuni: Nyanya na Pilipili za Bugarama

Aliyepata kukaa Bugarama, wilayani Rusizi, analijua joto la bonde lile. Hapo kusini-magharibi, kando ya mto Rusizi, ndipo nchi ya Rwanda inaposhuka hadi kiwango chake cha chini kabisa, mita 950 hivi juu ya usawa wa bahari. Ndipo pia zinapopakana Rwanda, Burundi na Kongo, na Kiswahili huvuka mipaka hiyo pamoja na bidhaa za sokoni. Mwalimu wa mahali hapo atakaye somo la historia ya lugha hana haja ya kwenda mbali. Na aanze jikoni.

Tuchukue rojo jekundu la nyanya za kuchoma. Nyanya nne zilizoiva, kitunguu kilichokatwa nusu, punje mbili za kitunguu saumu zenye maganda, na pilipili nyekundu moja au mbili huwekwa juu ya wavu wa jiko la makaa. Hugeuzwa mpaka maganda ya nyanya yababuke na kufanya madoa meusi. Pilipili huepuliwa mapema, maana huungua upesi. Kisha saumu humenywa, hutwangwa kwa pilipili na chumvi, ndipo kitunguu na nyanya hufuata. Mwisho hukamuliwa ndimu. Moto hupunguza maji ya nyanya na kuzidisha utamu wake. Kwa hiyo rojo hili si kachumbari, ambayo huliwa mbichi.

Asili ya upishi huu ni Meksiko, ambako pilipili na nyanya zililimwa tangu kale. Mtawa Mhispania Bernardino de Sahagún, aliyeandika habari za Waazteki katika karne ya 16, aliwataja wauzaji wa rojo za namna hii masokoni mwao. Wahispania waliliita salsa, neno lenye asili ya Kilatini linalohusu chumvi. Baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 mbegu zilivuka bahari, na pilipili ikaletwa Afrika na merikebu za Wareno.

Wareno walituachia maneno meza, leso na mvinyo. Je, walituachia na jina la pilipili? La hasha. Jina hilo, lenye asili ya Bara Hindi, lilikwisha kupitia Uajemi na Uarabuni likitaja pilipili nyeusi ya biashara. Mgeni mwekundu alipofika, Waswahili walimvika jina hilo hilo. Naye akalimiliki, hata ile nyeusi ikaitwa pilipili manga, yaani ya Uarabuni.

Habari ya nyanya inastaajabisha zaidi. Nyanya chungu ni mwenyeji wa Afrika; nyanya nyekundu ni mgeni kutoka Amerika. Kiswahili kimeziita kwa jina moja, kana kwamba ni ndugu. Wataalamu wa Ulaya walisitasita. Mwaka 1753 Linnaeus aliiweka nyanya katika jenasi ya Solanum, pamoja na biringani. Mwaka uliofuata Philip Miller wa Uingereza akaitenga peke yake. Zaidi ya karne mbili zilipita kabla uchunguzi wa chembe za urithi haujairudisha kwa jamaa zake, ambamo nyanya chungu nayo imo. Bibi zetu hawakuwatenga ndugu hao. Hata Mnyarwanda husema inyanya.

Ndugu walimu, jambo hili latuhusu. Wajerumani walipojenga kituo chao Shangi, karibu na ziwa Kivu, mwaka 1898, Kiswahili kilikuja na askari na wafanyabiashara wao. Kwa muda mrefu wengi walikiona kuwa lugha ya kambi, ya soko na ya mitaa ya Waislamu; hata baada ya kufanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, wako wanafunzi wanaokiona kigeni. Tusibishane nao kwa hotuba. Tuwaambie walete majina ya vyote vilivyomo kinuni, wayatenge yaliyotoka mbali na yaliyozaliwa hapa, kisha waulizwe ni lipi kati yake wawezalo kuliacha.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyanya ilipewa jembe, ikazaa. Kiswahili nacho kimekwisha kupewa lake. Kulima ni juu yetu.