Redio ya Washa ya Mfereji

Ukiingia hadiwea yoyote Nairobi uitishe washa ya mfereji, utapewa kipete kidogo cha plastiki ambacho bei yake ni ya chenji. Fundi wa bomba hukiweka ndani ya koki ili maji yasivuje. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, jamaa mmoja wa Hyderabad, India, anayeitwa Ashhar Farhan, alichukua kipete kama hicho, akakizungushia waya mwembamba wa shaba, na kukiweka katikati ya redio inayoweza kuongea na bara lingine.

Redio hiyo inaitwa BITX. Sio redio ya kusikilizia ngoma kwa matatu. Hii inarusha na kupokea: wewe unaongea, na mtu ambaye pengine humjui kabisa anakujibu. Wanaozitumia ni watu wa redio ya ridhaa, neno lile lile tunalotumia kwa mabondia wasiolipwa. Hawaruhusiwi kufanya biashara hewani, hawaruhusiwi kutangaza kama stesheni, na hawaruhusiwi kuficha maana ya ujumbe wao kwa mafumbo. Wanachobaki nacho ni kuongea na kuunda. Hapo kwa kuunda ndipo nataka tukae, kwa sababu historia ya redio hizi ina swali moja ndani yake: nani ana haki ya kufungua boksi?

Swali hilo linanigusa. Niliacha chuo mwaka wa pili, nikisomea uhandisi wa umeme, karo ilipokataa kuelewana na mfuko wa mzazi. Wakati huo ningeweza kukuandikia hesabu za transista ukurasa mzima, lakini transista yenyewe sikuwa nimewahi kuishika mkononi. Nilichojifunza baadaye nilikipata kwa meza za mafundi, na kwa michoro ambayo watu kama Farhan waliitoa bure.

Turudi nyuma kidogo. Marekani, 1912. Meli ya Titanic imezama mwezi wa Aprili, na serikali inataka kuleta nidhamu hewani. Vijana wenye mitambo ya nyumbani wanalaumiwa kwamba wanapiga kelele na kuwaingilia wakubwa. Sheria mpya inapitishwa mwaka huo huo, na watu wa ridhaa wanasukumwa kwenye mawimbi yenye urefu wa mita 200 kushuka chini. Wataalamu wa wakati huo waliamini kwamba kwenda mbali kunataka mawimbi marefu. Kwa hivyo haya mafupi yalionekana hayana kazi, wakapewa watu wasio na kazi.

Kumbe! Juu kabisa angani kuna tabaka lenye chembe za umeme, ionosfia, na mawimbi mafupi yakilifikia hurudishwa chini kama mpira uliogonga ukuta. Yanatua mbali sana na pale yalipotoka. Novemba 1923, Léon Deloy akiwa Nice, Ufaransa, na Fred Schnell akiwa Connecticut, Marekani, walijibizana kwa Morse kuvuka Atlantiki, kwa mawimbi ya karibu mita 100 tu. Baada ya hapo makampuni na serikali zikakimbilia yale yale mawimbi waliyokuwa wameyadharau. Kwa msomaji wa nchi ambayo watu waliwahi kusukumwa kwenye ardhi iliyosemekana haifai, kisha siku moja wageni wakaja kuipima, sidhani hii stori inahitaji ufafanuzi.

Na mitambo yao waliitoa wapi? Wengi walijiundia. Koili zilizungushwa kwenye mikebe mitupu ya shayiri ya uji, kwa sababu mkebe ulikuwa duara, mkavu, na tayari uko jikoni. Kwa hivyo washa ya Farhan ina ukoo. Babu yake ni mkebe wa uji.

Biashara ya kuuza redio ikiwa vipande vipande, ujiunganishie mwenyewe, ilikua baadaye. Jina kubwa hapo ni Heathkit, na mwanzo wake ni wa ajabu. Edward Heath alikuwa anauza ndege za kujiundia. Alikufa 1931 akijaribu ndege yake mwenyewe. Kampuni ikanunuliwa na Howard Anthony, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia akanunua lundo la vipuri vya elektroniki vilivyobaki jeshini. Mwaka wa 1947 akatoa kifurushi cha osiloskopu, kile kifaa kinachochora umbo la umeme kwenye kioo. Kikauzika. Zikafuata redio za kurusha na za kupokea, na kila kifurushi kilikuja na kitabu kinachokushika mkono hatua kwa hatua: weka kipuri hiki hapa, lehemu, tia alama ya vema, endelea. Watu ambao hawakuwahi kukanyaga darasa la uhandisi waliinuka mezani wakiwa na mtambo unaofanya kazi.

Halafu mambo yakabadilika. Vipuri vikazidi kuwa vidogo, chipu moja ikameza kazi ya vipuri mia, na redio iliyotoka kiwandani ikawa nafuu kuliko kujiundia. Mwaka wa 1992 Heathkit ikatangaza kwamba inaachana na vifurushi. Boksi likafungwa, na wengi hata hawakuona likifungwa, kwa sababu lililofungwa lilikuwa linang'aa zaidi.

Lakini unafuu ni wa yule aliye karibu na kiwanda. Ukiwa India, redio ya ridhaa ya kuagiza kutoka nje haikuwa kitu cha mwanafunzi au karani. Na kule India hii redio haikuwa mchezo tu. Desemba 2004, kikosi cha Taasisi ya Kitaifa ya Redio ya Ridhaa, ambayo makao yake ni Hyderabad, mji ule ule wa Farhan, kilikuwa Port Blair kwenye visiwa vya Andaman. Kilikuwa kimeenda kuongea na dunia kutoka mahali ambapo sauti za ridhaa zilikuwa hazijasikika kwa miaka mingi. Kiongozi wake alikuwa mwanamke, Bharathi Prasad. Asubuhi ya Desemba 26 ardhi ikatetemeka na bahari ikapanda. Ni tsunami ile ile iliyofika hadi pwani yetu. Stima na simu zilipokatika visiwani, redio yake ikawa njia ya kupeleka bara habari za nani yuko hai. Mawimbi ya maji yalichukua, mawimbi ya redio yakaita.

Sasa rudi kwa washa. Farhan alitaka redio ambayo mtu wa kawaida India ataiunda kwa vitu vya dukani, bila kuagiza kipuri maalum. Transista ni zile za bei ya chini. Kristali ni za megahazi 10, za kawaida kwenye kompyuta. Transfoma zimezungushwa kwenye vile vipande vyeusi vyenye matundu mawili vinavyotoka kwa antena ya TV. Transista ya mwisho, ile inayosukuma nguvu kwenye antena, ni IRF510, ambayo ilitengenezwa kwa kazi za kuwasha na kuzima umeme kwenye pawasaplai. Ukiipa shughuli nyingine, inaifanya.

Hesabu yake ni ya darasa la pili. Koili ya washa inasaidia kutengeneza mawimbi ya megahazi 4 na kidogo. Kristali zinakaa katikati kwa megahazi 10, kama mlango mwembamba unaopitisha sauti moja na kuzuia zingine. 10 jumlisha 4 ni 14, na megahazi 14 ni moja ya sehemu ambazo watu wa ridhaa dunia nzima hukutana. Plastiki yenyewe haina uchawi wowote. Kazi yake ni kuushika waya usicheze, kwa sababu waya ukisogea hata kidogo, stesheni inahama ukiisikiliza.

Ujanja mkubwa uko kwa njia. Redio nyingi zina barabara mbili, moja ya kupokea na nyingine ya kurusha. BITX ina daraja moja. Ukisikiliza, magari yanavuka kuja kwako. Ukibonyeza kitufe cha maiki, daraja lile lile linageuza mwelekeo na sauti yako inatoka. Vipuri karibu nusu, makosa ya kutafuta karibu nusu. Nguvu yake ni kama wati 6. Balbu ya LED ya sebuleni kwenu huenda ina 9.

Mchoro ukatolewa bure, pamoja na maelezo ya kwa nini kila kitu kiko pale kilipo. Hapo ndipo naona tofauti na kile kitabu cha Heathkit. Heathkit ilikwambia weka hapa. Farhan alikwambia weka hapa, na ukikosa hiki tumia kile, na ukitaka kubadilisha, hii ndiyo hesabu. Watu wakabadilisha kweli. Wengine wakaipeleka kwenye masafa mengine, wengine wakapunguza, wengine wakaongeza nguvu.

Mwaka wa 2016 ikaja BITX40, bodi iliyokwisha kulehemiwa, mnunuzi anaunganisha maiki, spika, betri na boksi la chaguo lake. Koili zilizungushwa kwa mkono na kikundi cha wanawake kule India. Nikisoma hilo nilifikiria mikono ya akina mama wanaosuka vyondo: kuhesabu bila kuhesabu kwa sauti, kila mzunguko umekaa kando ya mwenzake. Mwisho wa 2017 ikaja uBITX, dola 109, ya kuzungumza kutoka megahazi 3 hadi 30. Kufikia hapo washa ilikuwa imeshastaafu. Nafasi yake ikachukuliwa na chipu ndogo inayoongozwa na Arduino, na programu ya Arduino hiyo iko wazi, ukitaka kuibadilisha unaibadilisha. Watu wakaandika programu zao, wakabandika vioo vya kugusa, wakaiunganisha na kompyuta.

Na ilikuwa na kasoro. Wanunuzi wenye vifaa vya kupimia waligundua kwamba matoleo ya kwanza ya uBITX yalikuwa yanatoa mwangwi kwenye masafa yasiyo yake, kiasi ambacho sheria haziruhusu. Kampuni kubwa ingeweza kukaa kimya. Hapa vipimo viliwekwa hadharani, waliopima wakapendekeza tiba, wengine wakakata njia za bodi kwa kisu na kuongeza waya, na matoleo yaliyofuata yakaundwa upya. Kitu kilicho wazi hakikosi makosa. Kinakupa tu nafasi ya kuyaona.

Na sisi? Kenya tumekuwa hewani kitambo. Wakati wa ukoloni, majina ya watu wa ridhaa wa huku yalianza na VQ4. Sasa yanaanza na 5Z4. Ukisikia herufi hizo zikiitwa hewani, ujue Kenya inaongea. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na bila hiyo hurushi, hata kwa wati moja. Vipuri navyo viko. Kuna mzee fundi ana kibanda chini ya ngazi za jengo moja kando ya Luthuli Avenue. Nilipomwonyesha mchoro wa BITX aliuangalia muda mrefu, kisha akauliza, "Kijana, hivi vya antena unataka vingapi?"

"Vitatu, mzee."

Akavuta katoni chini ya meza. Ilikuwa imejaa. Ni vya TV za zamani, zilizokosa kazi tulipohamia dijitali 2015. "Watu walitupa," akasema. "Mimi nilijua vitaitwa tena."

Kuna mtu ataniuliza haya yote ni ya nini na simu iko mfukoni. Juni 25, 2024, intaneti ilipolegea nchi nzima, wengi wetu tulitazama duara likizunguka kwenye kioo na hatukuwa na la kufanya. Sisemi redio ya ridhaa ingetangaza maandamano. Sheria zake haziruhusu, na inafaa ziheshimiwe. Nasema kwamba siku ile niligundua jinsi ilivyo ajabu kubeba kila siku kitu ambacho hakuna mtu kwa ploti yetu nzima anaweza kueleza kinavyofanya kazi, sembuse kukitengeneza. Redio hii naijua kila kipuri. Antena yake ni waya wa mita 10, tano huku na tano kule, umefungwa juu ya ploti kando ya kamba za nguo. Stima yake ni betri ya pikipiki. Ikinyamaza, najua pa kuanzia.

Yangu kwa sasa inasikia tu. Nilifuata mchoro wa zamani, ule wa washa. Jioni, megahazi 14 ikifunguka, nasikia sauti za India zikiitana, karibu kilomita 5,000 kutoka hapa. Nusu ya kurusha iko tayari kwenye bodi, isipokuwa transista ya mwisho. IRF510 nimeiweka kwa droo, bado iko ndani ya karatasi ya dukani. Itaingia mahali pake leseni ikitoka.