Fidia ya saratani kwa wazimamoto

Fidia ya saratani kwa wazimamoto ni malipo na huduma anazopewa mzimamoto, au wategemezi wake akifariki, pale inapokubalika kwamba saratani yake imetokana na kazi. Tanzania Bara, fidia ya magonjwa ya kazini inaongozwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Mfuko huo ulianza kazi mwaka 2015. Sheria ya kikoloni iliyotangulia ilikuwa na ukomo wa malipo wa shilingi laki moja na ushee, kiasi ambacho kufikia miaka ya 2000 kilikuwa dhihaka kwa aliyepoteza kiungo.

Kitaalamu, mjadala ulibadilika Juni 2022. Wanasayansi walioitwa Lyon, Ufaransa, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) waliiweka kazi ya kuzima moto katika Kundi la 1, yaani mambo yaliyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2010 ilikuwa imeishia kwenye “huenda”. Ushahidi wa kutosha ulipatikana kwa saratani mbili: mesothelioma, inayoshika utando unaozunguka mapafu, na saratani ya kibofu cha mkojo. Kwa utumbo mpana, tezi dume, korodani, ngozi aina ya melanoma na limfoma isiyo ya Hodgkin, ushahidi upo lakini ni hafifu.

Sumu haiingii kwa pua peke yake. Moshi wa nyumba au gari linaloungua hubeba benzini, fomaldehaidi na masizi. Paa za zamani za asbesto zikivunjika hutoa nyuzi zisizoonekana kwa macho. Moto ukishazimika, askari huvua barakoa na mtungi wa hewa, akaanza kuchokoa majivu akitafuta makaa yaliyojificha. Hapo bado anavuta sumu. Masizi humkaa shingoni, viganjani na kwenye koti, na koti hilo likirudishwa ndani ya gari linasafiri na kikosi kizima. Uhusiano wa masizi na saratani si habari mpya: daktari Percivall Pott wa London aliueleza mwaka 1775 kwa wasafisha dohani.

Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa 2016 kwa kugawa Mbeya, unaifanya mada hii iwe ya karibu. Barabara kuu ya TANZAM hupita Mlowo na Vwawa hadi mpakani Tunduma, ikibeba malori ya mafuta ya Zambia na Kongo. Hatari ya mizigo hiyo ilionekana Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka na kuua watu zaidi ya 100. Iyula, kata ya wakulima katika wilaya ya Mbozi, inaonyesha upande mwingine. Moto ukishika shamba au nyumba kijijini, majirani ndio hutangulia, na ndoo na matawi mabichi. Wanavuta moshi uleule, ila hawana mwajiri wala mkataba, na fidia ya WCF hufuata ajira. Hilo ni pengo la kweli, na mbali na hao majirani, wachache hulizungumzia.

Kwa mwenye ajira, mchango wa WCF hulipwa na mwajiri peke yake. Mafao ni pamoja na matibabu, utengamao, msaada wa mazishi, malipo ya wategemezi, na asilimia 70 ya mshahara kwa ulemavu wa muda, hadi miezi 24. Kenya, kwa sheria yake ya 2007, humtegemea mwajiri na bima yake, na ulemavu kamili wa kudumu hulipwa mishahara ya miezi 96. Uganda ni miezi 60.

Ugumu uko kwenye uthibitisho. Mesothelioma yaweza kujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya mtu kuvuta asbesto. Kufikia hapo askari amestaafu, mkuu wake wa zamu hayupo, na daktari atauliza kama alikuwa mvuta sigara. Orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani, iliyorekebishwa 2010, hutaja visababishi kama asbesto, benzini na masizi. Haiitaji kazi ya zimamoto kwa jina. Mdai hulazimika kuonyesha alikutana na kisababishi kipi na wapi.

California mwaka 1982, Manitoba ya Kanada 2002 na Australia 2011 walipita njia nyingine: mzimamoto aliyetimiza masharti ya sheria akipata saratani, huchukuliwa kuwa imetokana na kazi, na anayepinga ndiye alete ushahidi. Huo ndio mfumo wa haki zaidi, kwa kuwa kumbukumbu za matukio hukaa kwa mwajiri, si kwa mgonjwa.

Kwa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inadai wafanyakazi wapimwe afya, tangu wanapoajiriwa. Anayefanya kazi ya moto aombe nakala ya kila kipimo, aandike tarehe na aina ya kila moto mkubwa aliouzima, na aziweke karatasi hizo nyumbani kwake hata baada ya kustaafu.