Mizani Katika Mistari Mitano

Wapenzi wa tarabu tulio wengi tumezipokea nyimbo kwa masikio. Fundi hupiga, mwanagenzi husikiliza, na baada ya miaka vidole vyake navyo huwa vimeshika. Ndivyo fani ilivyorithiwa tangu Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja 1870 hadi 1888, alipompeleka Mohammed Ibrahim Misri kujifunza muziki. Lakini fundi akifa huondoka na sikio lake, na hapo ndipo linapozuka suala la kuandika: tuandike kwa kalamu ipi?

Kuchapa nota si jambo geni. Ottaviano Petrucci alitoa kitabu cha nyimbo za sauti nyingi mjini Venice mwaka 1501. Baadaye wakaja mafundi waliochonga nota juu ya mabamba ya madini, mikono yao ikijua wapi papanuliwe na wapi pabanwe. Kompyuta ilipoingia, sehemu kubwa ya ujuzi huo iliachwa mlangoni. Waholanzi wawili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen, waliidhihirisha hasara hiyo kwa kulinganisha matoleo mawili ya muziki wa Bach kwa selo: la 1950, lililochongwa kwa mkono, na la 2000, lililopangwa kwa kompyuta. Katika hili la pili mistari ilirandana mno, hata jicho la mpigaji likibanduka kidogo halijui lirudi mstari upi.

Wawili hao walikuwa wameanza mwaka 1996 kuunda LilyPond, programu huria ambayo yeyote ana ruhusa ya kuitumia bila malipo, kuifungua, kuirekebisha na kuigawa. Mtumiaji huandika herufi tu, na programu hupanga nota. Anayeona tabu anayo MuseScore, iliyoanzishwa na Mjerumani Werner Schweer mwaka 2002, ambayo humwonesha mistari mitano papo hapo.

Ama kwetu sisi, mtihani uko kwenye maqamu. Rasti na bayati zina sauti ambayo piano haina, iliyo baina ya mi na mi bemoli. Ukiiandika mi umekosa, na ukiiandika mi bemoli umekosa pia. Kongamano la muziki wa Kiarabu la Cairo, mwaka 1932, lilijadili khasa jambo hili, kwamba oktavu igawiwe robo 24 zilizo sawa au la. Katika LilyPond mtu huandika “misb”, na alama ya nusu bemoli ikatokea. Tena limo faili la muziki wa Kiarabu ambamo bayati ni ufunguo kamili, sawa na meja. Mwenye haja na maqamu nyingine hana ulazima wa kungoja kampuni imwonee huruma. Nisizidishe sifa, lakini: robo ya kwenye karatasi ni nusu kamili ya nusu toni, ilhali mpiga udi huipandisha au kuishusha kwa kadiri ya maqamu na ya usiku wenyewe.

Lililonivutia zaidi ni maneno. Programu hudai shairi likatwe mizani kwa mizani, kila moja ikae chini ya nota yake. Nasi tumekuwa tukihesabu mizani karne na karne! Mashine, hata hivyo, haijui kuwa “mbu” ni mizani mbili na kwamba “mbali” nayo ni mbili vilevile. Haijui kuwa “m” ya “mtoto” husimama peke yake. Mwandikaji asiyekuwa mshairi ataibana hiyo “m” na silabi inayofuata, mshororo wa mizani 16 uwe na 15, na mwimbaji atakayefuata wino atajikuta na nota mkononi isiyo na neno.

Kwa hiyo kazi hii ingefanywa na wawili, mpigaji na mtunzi, wameketi mbele ya kioo kimoja. Faili la LilyPond ni maandishi matupu. Hata programu ikitoweka, mjukuu atakayelifungua ataikuta “m” mahali pake, na “misb” juu yake.